Mzigo wa Nyuma

Naomba mtu asiniambie tena kwamba nilikuwa sahihi. Msibani walikuja mmoja mmoja, wakanishika mkono na kuninong'oneza, "Wewe ulisema, dada, hawakukusikia." Nikawa naitikia kwa kichwa tu. Lakini si kweli. Mdogo wangu alinisikia vizuri sana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nianze na lile gari. Lilikuwa basi dogo la shule, la zamani, ambalo mdogo wangu alilinunua likiwa limekufa injini akalifufua kwa mikono yake. Aling'oa viti, akaweka kitanda nyuma kabisa, jiko la gesi, kabati refu la mbao, na mapazia ya maua aliyoshona wifi yangu, mke wake. Madirisha akayatia nondo kwa ajili ya wezi. Likawa nyumba inayotembea. Mtaani walimwita Injinia, ingawa cheti hana, na jina lilimpendeza mpaka akaanza kuliitikia hata nyumbani. Mtoto wao wa pekee, binti wa miaka minane, tulimwita Kasuku, kwa sababu hakuna neno lililompita bila yeye kulirudia.

Mimi nilikaa kwenye kibanda cha mizani ya barabarani miaka ishirini na sita. Malori yanapanda, ekseli ya mbele kwanza, halafu za nyuma, mimi nasoma namba naandika. Ukikaa pale muda wote huo huhitaji tena kusoma. Unatazama nafasi kati ya tairi na bodi, unajua. Nina mdomo pia, sikatai. Madereva walikuwa wakiona ni zamu yangu wanazima redio kabisa, wanajua leo kuna kusemwa.

Asubuhi ya safari yetu ya kupiga kambi nilifika na mkoba wangu nikamkuta Injinia nyuma ya gari, jasho linamtiririka, anafunga mizigo. Alikuwa amechomelea keria mpya ya chuma iliyotoka nje ya bampa karibu mita nzima. Hapo amening'iniza baiskeli nne, zimeziba mlango wa nyuma wote. Nje ya baiskeli, ukingoni mwa keria, amepanga madumu sita ya maji, lita ishirini ishirini, na pembeni jenereta.

"Baiskeli nne za nini? Mko watatu," nikamuuliza.

"Ya nne ni yako, Dada," alisema bila kugeuka. "Tukifika unaanza mazoezi. Gari langu lina springi, halina miujiza."

Wifi alicheka mpaka akaegemea mlango. Na mimi nikacheka. Utani wa uzito wangu ni wa siku zote pale nyumbani, nina kilo tisini na nne na sijawahi kumficha mtu. Halafu nikazunguka mbele ya gari, kicheko kikaniisha.

Mbele ilikuwa juu. Si juu ya kumshtua mtu mwingine, lakini mimi niliiona kama ninavyokuona wewe. Kaa mwisho kabisa wa benchi uone, upande wa pili unanyanyuka. Gari ni hivyo hivyo. Mzigo unaoning'inia nyuma ya tairi za nyuma haukai tu pale ulipo, unaziibia uzito tairi za mbele, na tairi za mbele ndizo zinazogeuza gari. Nilimweleza hivyo hivyo, taratibu, mara ya kwanza.

"Toa hizo baiskeli," nikamwambia. "Zilaze ndani, katikati. Madumu nayo yaingie."

"Ndani wanalala watu."

"Basi ziache nyumbani."

"Dada, hata hatujatoka tumeshaanza?"

Nikapanda mbele kando yake. Wifi akadhani nimekaa pale kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nilikaa kama mzigo. Nilijihesabu: mimi ni madumu manne na nusu na ushee, nikikaa mbele angalau napunguza balaa. Sikumwambia mtu, lakini njia nzima sikukubali kushuka pale hata nilipoalikwa kwenda kulala kitandani na wenzangu.

Njia ya lami ilikwenda vizuri, na hilo likaniharibia zaidi. Injinia alikuwa anapiga mluzi. "Unaona usukani ulivyokuwa mwepesi?" akaniuliza. "Zamani nilikuwa navutana nao. Sasa naendesha kwa kidole." Akanyoosha kidole kimoja anionyeshe. Dereva anayefurahia usukani mwepesi nimemwona mara nyingi pale kazini, na wengine niliwaona mara moja tu.

"Ni mwepesi kwa sababu tairi hazijakanyaga," nikasema. "Toa baiskeli."

Kila tuliposimama nilisema. Kwenye mafuta nilisema, tuliposimama kula nikasema tena, na sauti ikawa inapanda. Kasuku kule kitandani akaishika kwa sauti yangu kabisa, "Toa baiskeli, toa baiskeli," mama yake akawa anacheka huku ameziba mdomo. Nilikasirika, sitasema uongo. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nakasirika. Ndivyo nilivyo.

Saa tisa alasiri lami iliisha. Mbele yetu kulikuwa na mlima, barabara ya changarawe imeuzunguka, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Injinia akasimama injini ipoe. Mimi nikageuka kwenye kiti nikamtazama usoni.

"Hapa sasa nakuomba," nikasema. "Tukianza kupanda uzito wote unarudi nyuma. Mwaga hata madumu manne. Maji yapo tunakokwenda."

"Nimebeba maji kwa sababu mwaka jana hayakuwepo."

"Basi shusha baiskeli, zifiche hapo kwenye majani, utarudi kuzichukua."

"Dada, unanipima tangu nizaliwe," alisema. Alisema kwa upole, na ningekuwa na akili ningeishia hapo. "Leo nipumzishe."

"Tangu uzaliwe hujajenga kitu kikasimama," nikamjibu.

Wifi akasema kutoka nyuma, "Wifi, hapo umezidi." Kasuku hakurudia. Mdogo wangu aliiacha mikono yake kwenye usukani, akaangalia vidole vyake, vile vidole vyenye makovu ya kuchomelea. Halafu akasema, "Shuka. Nawafikisha hawa juu, nitarudi kukuchukua."

Nikashuka. Nilishuka kwa hasira, mlango nikaubamiza mpaka kioo kikalia. Na pale pale, nikiwa bado nimeushika mkoba, nikaona mbele ya gari ikinyanyuka. Vidole viwili, pengine vitatu. Uzito wangu ulikuwa umetoka. Siku nzima nilikuwa nimesema kwa kukisia, na sasa nilikuwa naona kwa macho, na dirisha lake lilikuwa wazi. Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, shauri yake, na aende.

Gari likaondoka kwa gia ya kwanza, polepole, mtu angeweza kutembea kando yake. Nililitazama mpaka kona ya kwanza, hatua kama mia mbili juu yangu. Niliziona tairi za mbele zikigeuzwa kufuata kona, zimegeuzwa kabisa, na gari likaendelea kwenda mbele vile vile, changarawe ikilia chini yake. Halikuwa na haraka yoyote. Tairi ya upande niliokuwa nimekaa ikaingia kwenye hewa, gari likakaa na tumbo lake ukingoni, likasimama. Nusu ya mbele ilikuwa nje ya barabara. Nyuma ilikuwa bado juu ya ardhi, na keria, na baiskeli nne, na madumu sita.

Nikatupa mkoba nikakimbia. Nilielewa kabla sijafika hatua kumi. Ule mzigo niliougombea tangu asubuhi ndio uliokuwa umelishika gari lisiende.

Injinia alitoka kwa mlango wake, uliokuwa bado upande wa barabara. Baadaye aliniambia kwamba lile kabati refu lilianguka likaziba njia, akawa hawezi kuwafikia waliokuwa kitandani. Madirisha yana nondo. Mlango uliobaki ni wa nyuma, na mlango wa nyuma umezibwa na baiskeli. Akakimbilia kule. Ungemlaumu kwa lipi? Mke na mtoto wako nyuma ya mlango.

Dumu la kwanza lilinipita likibiringika kuteremka mlima. Nikahesabu, ishirini. La pili likanipita, arobaini. Nikajaribu kupiga kelele asiendelee, pumzi haikutoka, kilo tisini na nne hazikimbii mlimani na kusema kwa pamoja. La tatu, la nne. Aligeuka akaniona nakuja nikipunga mikono, akadhani namhimiza.

"Nazitoa, Dada," alisema huku analia. "Nazitoa zote."

Nilipofika madumu yalikuwa yamekwisha, jenereta iko chini, na baiskeli tatu zimelala barabarani. Nikajirusha kwenye keria nikaikumbatia kwa mikono yote miwili, nikalegeza magoti ili uzito wote uning'inie pale. Chuma kilikuwa kinapanda. Kilikuwa kinapanda taratibu mno, ndani ya viganja vyangu, kama sindano ya mizani. Kwenye kioo cha mlango nikaona uso wa Kasuku na wa mama yake, wamebanana.

"Usitoe," nikasema. Ilitoka kama mnong'ono. "Zirudishe. Zirudishe zote, halafu panda hapa na mimi."

Mkono wake ulikuwa kwenye mpira uliofungia baiskeli ya mwisho. "Zirudishe?" akauliza.

"Zirudishe, mdogo wangu, nakuomba."

"Lakini wewe mwenyewe umesema siku nzima."

Vidole vyangu vya miguu tu ndivyo vilivyokuwa vinagusa changarawe. Wifi akagonga kioo kwa kiganja, akionyesha kitasa. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, nikaona hajui tena amwamini nani kati ya dada aliyekuwa akisema tangu asubuhi na dada anayesema sasa. Halafu akafungua mpira, akaishusha baiskeli kwa uangalifu, akaiweka chini.