Suruali Namba Arobaini na Moja

Mimi si mtu wa kusubiri. Tangu usichana wangu, foleni ikizidi watu watano naondoka, na chai ikichelewa kuchemka naiepua hivyo hivyo. Nasema mapema ili asije mtu akadhani najitetea.

Ninashona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mama Khushboo, mtaa wa sokoni, hapa Bagamoyo. Jina lake ni Falguni, lakini tangu azae hakuna anayelitumia. Yeye anauza kitambaa, mimi nakata na kushona, na kwa miaka tisa mteja wetu mkubwa ni shule moja ya bweni ya wavulana iliyo njia ya Msata. Watu wa mjini tunaiita Ukutani, kwa ule ukuta wake mweupe unaotembea mpaka unachoka kuutazama. Kila mwaka wavulana zaidi ya mia sita wanafanya mtihani wa kuingia, wanachukuliwa themanini. Kila mmoja anapewa namba kwa jinsi alivyofaulu, na namba hiyo ndiyo ninayoishona kwa uzi mwekundu ndani ya kiuno cha kaptula yake.

Mwanangu Mwinshehe ni namba arobaini na moja. Siku nilipoishona namba ile nilitoa machozi mpaka Mama Khushboo akanisogezea kitambaa pembeni kisilowe. Baba yake yuko Saadani na mke mwingine, hupiga simu siku ya Idi, basi. Kila kitu cha mtoto huyu nimekiamua mimi.

Kuingia Ukutani ni kazi, lakini kubaki ndiyo shughuli yenyewe. Bweni la kidato cha tatu lina vitanda sabini na mbili tu. Mwisho wa kidato cha pili, wanane wa chini "wanashauriwa kuhama". Ndivyo wanavyosema, wanashauriwa, na sijaona aliyewahi kuukataa ushauri huo. Mtoto anapewa barua yenye mhuri kwamba hakufikia wastani, na shule nyingine zikiuona mhuri ule zinageuza uso. Mtoto wa jirani yangu Sabiha nilimfumulia nembo ya shati mimi mwenyewe, amesimama barazani kama mtu anayenyolewa. Mama yake alizunguka shule tatu na ile barua, kote akarudishwa. Lakini mzazi akimhamisha mtoto mwenyewe kabla matokeo hayajabandikwa, barua inatoka safi, haina mhuri huo. Hilo Sabiha alilijua baadaye, nami nikaliweka akilini.

Kidato cha tatu wanaacha kaptula, wanavaa suruali ndefu. Kwa hiyo kila Desemba, siku chache kabla ya matokeo, Mzee Ausi wa stoo ya shule huniletea orodha ya wanaobaki: namba na vipimo, majina hakuna. Mimi fundi najua mapema kuliko wazazi. Miaka yote hiyo sijamwambia mtu, hata wale waliokuja kuniuliza habari za afya yangu kwa dakika ishirini huku macho yao yako kwenye droo ya orodha.

Mwaka huu orodha ilikuja Jumatatu mchana nikiwa msikitini. Mzee Ausi aliiacha kwa Mama Khushboo, akapanda pikipiki yake akaondoka. Niliifungua nimesimama, hata viatu sijavua. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na mbili.

Nikarudia. Nikaweka kidole. Nikageuza karatasi nyuma, kana kwamba mtoto angejificha huko.

"Mama Khushboo," nikasema, "mwanangu hayumo."

Alivaa miwani, akasoma taratibu, kama anavyohesabu majora yake. "Hii ina namba sabini na moja," alisema. "Vitanda si sabini na mbili? Mimi kila mwaka natoa kitambaa cha suruali sabini na mbili."

"Basi mwaka huu wamemtupa mmoja zaidi."

"Au wamesahau mmoja. Mpigie Mzee Ausi, muulize."

"Nimuulize nini? Mwanangu mjinga? Nimpe cha kusimulia stoo nzima?"

"Mama Mwinshehe, swali halina gharama."

Nikamwambia yeye binti yake yuko chuo Dar anasomea ufamasia, hajui habari ya roho kuwa juu. Akaniletea chai, nikaiacha ikapoa.

Siku ile nilivunja sindano tatu. Mguu ulikuwa unakanyaga cherehani peke yake, mimi sipo. Nilikuwa nawaza kipindi cha kati ya mwaka, Mwinshehe alipokuwa wa sabini kati ya themanini, na mimi nikamfokea kwenye simu mpaka salio likakata. Baada ya hapo alisema anasoma. Wote husema wanasoma.

Nyumbani nilimkuta anapiga pasi magauni ya wateja, maana likizo hiyo ndiyo kazi yake na anaipiga vizuri kuliko mimi. Amerefuka, kaptula ya shule imekuwa fupi ya kuchekesha.

"Mwinshehe. Ile mitihani yenu uliionaje?"

"Nilifanya vizuri, mama. Fizikia tu ndiyo ilinisumbua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, mama." Akatabasamu. "Usiwe na wasiwasi. Safari hii utafurahi."

Nilimtazama nikaona uchungu. Nilijua ananituliza, kama mimi nilivyokuwa nikimtuliza mama yangu nilipofeli la saba. Mtoto anakudanganya kwa sababu anakupenda, utamfanya nini? Sikumwambia habari ya orodha. Nikasema moyoni nitalimaliza mwenyewe, hata aibu hataionja.

Jumanne nilifunga kazi nikatafuta shule. Moja ya kutwa, upande wa stendi, walikuwa na nafasi moja ya kidato cha tatu, wanafunga kupokea Alhamisi. Sharti barua safi. Matokeo ya Ukutani yangebandikwa Jumamosi. Unaona mwenyewe siku zilivyobana.

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya Mwalimu Kombo, mwalimu wa taaluma, na barua nimeiandika kwa mkono wangu. Ni mtu mpole, anaongea polepole, na upole ule siku hiyo uliniwasha mwili.

Aliisoma mara mbili. "Mama Mwinshehe, unamhamisha? Kuna tatizo gani?"

"Sababu za kifamilia, mwalimu. Nimeandika hapo."

"Umezungumza na mwenyewe?"

"Nimezungumza naye."

Akaivua miwani. "Matokeo hayajatoka. Sheria hainiruhusu kukwambia jambo lolote kabla ya Jumamosi, si wewe wala mzazi mwingine. Lakini ningekuwa wewe, mama, ningesubiri hizo siku tatu."

Nisubiri! Nikasema kimoyomoyo, wanataka nisubiri ili wanigongee mhuri wao. Wanafukuza watoto wa watu ili wapate kujisifu kwamba hawana aliyefeli, na sasa hata kutoka kwa heshima tunyimwe.

"Mwalimu, mtoto ni wangu au wa shule?"

"Ni wako, mama."

"Basi nipe haki yangu."

"Nikishatia sahihi nafasi inakwenda kwa wanaosubiri. Siwezi kuishikilia."

"Waipate," nikasema. "Waifaidi."

Alinitazama tena, kalamu mkononi, kama anayetafuta njia ya kusema kitu bila kukisema. Mimi nikasimama kabisa, mkoba begani. Akatia sahihi, akagonga mhuri wa kawaida wa shule, akanipa barua safi kabisa. Nilitoka pale natembea kama niliyeshinda kesi. Kabla ya adhuhuri Mwinshehe alikuwa na nafasi kule stendi, na mwenyewe hajui.

Nilipanga kumwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Alhamisi akanipikia dagaa kwa nazi, nikashindwa kuanza. Tazama mambo: mimi nisiyejua kusubiri, hilo moja nililisubirisha.

Ijumaa baada ya swala, Mzee Ausi akaja na pikipiki yake. Nilikuwa nimekwishakata suruali zote, nimeshona nusu.

"Shikamoo, Mzee Ausi."

"Marahaba, fundi. Naona kazi inakwenda." Akatoa kikaratasi mfukoni. "Niongezee moja. Kuna mtoto wa Miono ameingia jana, anaitwa Ally. Baba yake alikuja mbio na gari la mkaa. Kiuno ishirini na sita, urefu thelathini na sita. Namba arobaini na moja."

Mkasi ulikuwa mkononi. Niliuweka mezani.

"Arobaini na moja ni ya mwanangu."

"Ndiyo, nami nimeshangaa. Juzi mwalimu ananiambia umemhamisha. Nikasema fundi ana siri, mtoto anafanya vizuri namna ile, kumbe anampeleka shule kubwa zaidi." Akacheka. "Hongera, lakini."

"Mzee Ausi, namba yake haikuwamo kwenye orodha."

"Haikuwamo, ndiyo. Niliiruka mwenyewe." Alisema kwa furaha ya mtu anayetaja hisani yake. "Nilijiuliza, mama ndiye fundi, nitamwandikiaje mwanawe suruali, aje alipishwe na shule nguo aliyoishona kwa mkono wake? Nikasema mwache amshonee mwenyewe kwa vipimo vyake. Mama Khushboo hakukwambia? Aa, kweli, sikumwambia. Nilikuwa na haraka."

Mama Khushboo alikuwa mlangoni. Ningependa angenitukana, hata kwa Kigujarati.

Sikumbuki nilivyopanda bodaboda. Nakumbuka nilimgombeza kijana wa watu njia nzima aongeze mwendo. Mwalimu Kombo alikuwa anafunga ofisi. Aliponiona alifungua tena, akakaa, akanivutia kiti, nami sikukaa.

"Mwalimu, nimekosea. Nirudishie barua yangu. Nilidhani ameachwa."

Aliweka funguo mezani. "Nani alikwambia ameachwa?"

Ningemtaja nani? Karatasi?

"Mama, matokeo ni kesho, lakini kwa kuwa si mwanafunzi wetu tena naweza kukwambia. Amekuwa wa kumi na moja. Kutoka sabini. Walimu tulikuwa tumepanga kumpa zawadi." Alisema kwa masikitiko ya kweli. "Yule wa Miono ameshapokewa tangu jana. Baba yake ametia sahihi, namba amepewa. Nitamtoaje? Kwa kosa lipi?"

"Ongezeni kitanda."

"Wazazi wanane kesho watalia hapa wakiniomba kitanda hicho hicho."

Nikalia hapo hapo ofisini, kwa sauti, bila haya. Akanisubiri nimalize. Akasema ataliandika jina la Mwinshehe mwanzo wa orodha ya wanaosubiri, pengine mwakani mmoja atahama. Pengine.

Nyumbani nilimkuta Mwinshehe amewasha jiko, anaandaa makaa ya pasi. Nilimwambia nimesimama, yote, tangu orodha mpaka Miono. Nilitegemea apige kelele. Ningejua la kufanya na kelele.

"Wa kumi na moja?" akauliza.

"Wa kumi na moja."

Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Alitabasamu kidogo kwanza, na lile tabasamu ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kisha likaisha.

"Mama, uliniuliza. Si uliniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Nikakujibu."

"Ulinijibu, baba."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

Nimeshafikiri jibu la swali hilo wiki nzima. Nilimwomba radhi, akasema amenisamehe, na alisema kweli, ndiyo mbaya zaidi. Jumatatu ya kwanza ya Januari ataingia shule ya stendi. Amekwenda kuiona, akarudi akasema ina maktaba ndogo lakini mwalimu wa fizikia anaeleweka.

Kazi ya watu ilikuwa lazima imalizike. Nilishona sabini na mbili. Ile ya mwisho niliiahirisha mpaka mezani ikabaki peke yake, kiuno ishirini na sita, na ya mwanangu ni ishirini na nane. Nilitunga uzi mwekundu kwenye sindano nikakosea mara nne. Niliandika nne, kisha moja, ndani ya kiuno cha mtoto wa mtu mwingine ambaye hana kosa lolote.

Jioni Mwinshehe alizipiga pasi zote barazani, Mama Khushboo akimshikia taa. Alipoifikia ile aliigeuza ndani nje, akaisoma namba. Aliupiga mkunjo wa mbele, akapiga wa nyuma, akaurudia wa mbele ili usimame vizuri. Kisha akaikunja, akaiweka mahali pake, juu ya arobaini, chini ya arobaini na mbili.