Ruhusa ya Mkono Mmoja

Kila siku saa saba kasorobo, Wangechi aliacha kuandika oda za chupa katika kiwanda cha sosi, Eneo la Viwanda Thika, akaanza kuhangaika. Mamake alikuwa nyumbani Murera peke yake, upande mmoja wa mwili umelala tangu Machi. Dawa zake zilitaka chakula tumboni, na chakula kilitaka mtu wa kumlisha. Mara tatu Wangechi aliandika barua kuomba ruhusa ya saa moja mchana. Mara tatu meneja, Bwana Munyao, alizirudisha bila hata kuzifungua.

Khisa, fundi wa kompyuta pale kiwandani, alimhurumia.

"Si nyumbani uko na kompyuta?"

"Iko ile ya kitambo."

"Basi nitaiunganisha na hii ya kazi. Ukiwa hapa unaingia ile ya kwenu, unamwona mathe."

Jumamosi alifika Murera, akaiwekea kompyuta jina na nenosiri, akaelekeza kamera kitandani. "Na isilale," alionya. "Ikilala tu, hauingii."

Jumatatu skrini ya Thika iliuliza: Ruhusu? Wangechi alibonyeza ndiyo, kitanda cha mamake kikatokea. Alinyoosha mkono wa kushoto kufuta vumbi kwenye skrini, ukapita ndani hadi begani. Upande wa pili kulikuwa na kijibaridi. Akapapasa mezani, akapata kijiko na bakuli la uji aliloacha asubuhi.

"Maitu," mama alilalamika, akimwita mama yake kwa Kikuyu, kwa maana Wangechi alirithi jina la nyanyake, "siku hizi unanilisha na mkono wa kushoto?"

"Wa kulia uko kazini, mum."

Maluki, mwenzake wa meza ya pili, alimwomba asogeze kiti kidogo watu wapite.

Baada ya wiki mbili mama alikuwa amenenepa mashavu. Wangechi alijawa na shukrani, akampelekea Khisa jogoo mzima. Khisa alisema yeye alibonyeza tu, lakini jogoo alimchukua.

Bwana Munyao naye alipita, akautazama ule mkono ulivyozama, akaitisha barua ya ruhusa. Safari hii aliifungua. Aliandika juu yake: Haihitajiki. Kisha akamwambia Wangechi kwamba, kwa vile nyumbani tayari yupo, atakuwa akibaki kazini hadi saa mbili usiku.

Jioni ya kwanza mama aliushika mkono wa bintiye kwa mkono wake mzima, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa uji, kwa Khisa na kwa uhai.

"Na umbariki huyo bosi," aliongeza, "aliyempa Maitu ruhusa ya kunitunza."

Wangechi hakumsahihisha. Mamake alikuwa hai na ameshiba, na hilo lilimtosha kuitikia amina kwa moyo wote. Mkono wake wa kulia uliendelea kuandika oda.

Bwana Munyao alikuwa akipita na funguo za gari, akasikia akibarikiwa. Alivua kofia, akasema amina, akaenda zake nyumbani mapema.