Mapovu kwenye Pipa

Pampu ilinguruma chini ya jengo la shule, ikisukuma maji kwenye mabomba yaliyofukiwa ardhini, yale ya kuvuta joto la udongo kupasha madarasa. Maji yalizunguka huko chini, yakarudi kwenye pipa yakiwa na mchanga na mapovu. Fundi, ambaye wenzake walimwita Nyundo, hakuyaondolea macho. Mapovu yakitoka, bado kuna hewa ndani. Na hewa ikiwamo, hufungi mabomba.

"Imetosha, bwana. Tufunge, tujaze dawa ya kuzuia barafu," alisema shemeji yake, mume wa dada yake.

"Bado. Dada anaendeleaje na mkono?"

"Si nilikwambia aliteleza bafuni? Mambo ya mke na mume hayo, usiyaingilie."

Lakini asubuhi ile dada alikuwa amempigia simu, akamweleza yote, mpaka mlio wa mfupa ulipovunjika.

Nyundo alimkamata kisogoni, akambana tumbo kwenye ukingo wa pipa, akamzamisha kichwa hadi mabegani. Shemeji alirusha mateke, spana zikatawanyika, taa ikaanguka ikapasuka. Maji yalichafuka kwa mapovu. Alipomwinua, damu ilimchuruzika puani na mdomo ulijaa mchanga.

"Imetosha! Imetosha, shemeji, nakuomba!"

"Dada naye alikwambia hivyo hivyo. Mara ngapi?"

Shemeji alihema, akitema mchanga. Nyundo aliyatazama maji.

"Bado kuna hewa," alisema, akamrudisha chini.