Gari la Viti Viwili

Ufunguo ulipita mbele ya uso wa Sabra, ukaenda kutua mkononi mwa kaka yake Nasri, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuendesha hata baiskeli. Dalali wa magari wa Raskazone aliyeutoa alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alimwamkia Sabra shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamgeukia mwanamume ili wazungumze biashara. Nasri aliushika ule ufunguo kwa vidole viwili, akakohoa, akampa dada yake.

"Anayeendesha ni huyu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa.

Mtu yeyote wa Pangani angemwambia dalali hivyo. Sabra ndiye aliyeendesha gari la wagonjwa la wilaya mpaka alipostaafu mwaka huu. Njia ya Ushongo aliijua ikiwa tope tupu la masika, na ya Mwera aliijua gizani, taa moja ikiwa imekufa. Sasa alikuwa na kiinua mgongo chake, na alichokitaka ni gari dogo lenye mbio. Ukoo nao ukakaa kikao. Ukoo ulitaka gari la watu saba: kwa harusi ya mpwa wao Najat, kwa misiba, kwa masufuria ya shughuli, kwa bibi wa kliniki na shemeji wa mnadani. Sabra aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimewasikia." Wao wakadhani amekubali, wakamtuma Nasri asimamie ununuzi.

Gari la kwanza, la ufunguo ule, lilikuwa la rangi ya fedha, lina bawa nyuma na bomba la moshi nene ajabu. Kelele zake zilizidi mwendo. Sabra alilizungusha mara moja kando ya bahari, wapita njia wakaziba masikio, akalirudisha.

"Hili linataka kutazamwa," alimwambia dalali. "Mimi nataka kwenda."

Kwenye yadi ya pili kulikuwa na jeusi la milango mitano, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika, maana lilikuwa gari zuri kweli. Ukiligusa linaitika. Lilikata kona za Raskazone limetulia, na Sabra aliposhuka alikuwa anatabasamu bila kujijua. Nasri alikwishazunguka nyuma, akawa anavikunja viti na kupima nafasi kwa mikono yake.

"Ukivikunja, sufuria mbili za pilau," alisema. "Ukivikunjua, watu wanne wa kubanana. Sabra, hapa wewe umepata mbio zako, na sisi tumepata gari letu."

Sabra alikuwa karibu kabisa kusema ndiyo. Nasri hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyekuwa akiwalaza watoto wa Sabra kila mama yao alipokuwa zamu, akawachemshia uji, akawapeleka chuo cha Kurani wakiwa wameoga. Ndiyo sababu ilimwia vigumu. Lakini Sabra alipokitazama kile kiti cha nyuma aliziona alfajiri zake zote zilizobaki, simu inalia, na mtu fulani yuko barazani amevaa viatu tayari, anangoja kupelekwa. Hasira ikampanda, hasira ya zamani ambayo hakuwahi kuipa nafasi.

"Tukaone jingine," alisema.

"La nini tena?"

"La kulinganisha."

Jingine lilikuwa kwa dalali aitwaye Rahimu: la buluu, limeinamia chini, milango miwili, gia za mkono. Nasri alichungulia ndani akiwa ameshikilia kofia yake isidondoke.

"Watu wanakaa wapi?"

"Wawili tu, mzee wangu," alijibu Rahimu.

"Nauliza nyuma."

"Nyuma hakuna."

Rahimu akamgeukia Sabra kwa upole. "Mama, nisikufiche. Hili wanalipenda vijana."

"Wanalinunua?"

"Wanapiga nalo picha."

Sabra akanyoosha mkono apewe ufunguo. Rahimu akasogea upande wa abiria, kama desturi yao, lakini Sabra akamzuia. Alitaka kulijaribu peke yake.

"Gari si langu, mama. Likichelewa nitamwambia nini mwenyewe?"

"Mshikilie kaka yangu. Ana kitambulisho, ana mke, na hawezi kwenda popote mpaka apelekwe."

Rahimu akamletea kiti cha plastiki.

Sabra alitoka mjini akashika barabara ya Pangani, akaingiza gia ya tatu, kisha ya nne. Lami ilikuwa kavu na mikonge imesimama pande zote mbili. Gari likamgandamiza mgongo kitini, na furaha ikamjia mzima mzima. Mbio alizipenda tangu zamani. Ila kila alipokwenda mbio palikuwa na mtu nyuma anayeumia, na haikufaa dereva afurahi. Miaka yote ile alikuwa akiwasemesha bila kugeuka, maneno yaleyale, na sasa akajisikia akiyatamka tena katika gari tupu: "Vumilia, mwanangu, tunafika."

Hakukuwa na mtu wa kuvumilia ila yeye. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akarudisha gia ya tatu na kuyakanyaga mafuta upya, kwa makusudi, bila kukimbilia hospitali wala kumkimbilia mtu.

Aliporudi, Nasri alikuwa palepale kwenye kiti, jua limeshamfuata hadi magotini. Alisimama akaja dirishani. Sabra hakuzima injini.

"Umekawia."

"Nimekawia."

"Unalichukua hili," alisema Nasri, na hakuwa anauliza.

"Nalichukua."

Nasri alishusha pumzi. "Basi niambie mimi nikawaambie nini kule nyumbani. Wameshapangana nani atakaa wapi."

"Waambie limejaa."

Nasri akakitazama kile kiti cha pili, kitupu. Sabra aliutoa mkoba wake mapajani, akauweka juu ya kiti hicho taratibu, akaufunga mkanda.

Kaka yake aliutazama mkoba, akamtazama dada yake, kisha akageukia barabarani na kuinua mkono kuita bajaji.