Kilo Mbili Zilizogoma

Kilo tatu za kwanza zilimtoka Bi Zena bila hata kuaga. Aliacha sukari kwenye chai, akayapa mahamri kisogo, akaanza kwenda sokoni Kangemi kwa miguu kutoka nyumbani kwake mtaa wa Satellite, polepole, wakati wa kurudi tu ndio anapanda gari. Basi zikaenda. Zilizobaki ni mbili, na hizo mbili ziligoma. Zilikaa kiunoni mwake kama wapangaji wanaojua mwenye nyumba ni mpole.

Mwenye kupenda kejeli atauliza: mwanamke wa miaka sitini na tano, bibi wa wajukuu, kilo mbili zinamkera nini? Kuna gauni gani anataka limwingie? Zena hakuwa na habari na magauni. Alitaka kusujudu.

Goti la kulia lilianza kumletea vitimbi mwaka juzi. Kwanza lilimuuma akipanda ngazi, kisha likakataa kukunjwa, na mwisho Zena akahamishiwa kwenye kiti. Kila Ijumaa mume wake, Mzee Jabir, alimpeleka msikitini mjini, na huko upande wa wanawake viti vya plastiki hupangwa mwishoni mwa safu kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Wenzake wakishuka chini, Zena anabaki juu, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesinzia mkutanoni, mbele yake migongo tu. Alijua dini imemruhusu. Hakuna aliyemlaumu. Lakini ruhusa haiondoi hamu, na hamu yake ilikuwa kubwa kiasi cha kumliza kimyakimya chini ya mtandio.

Alitamani ubaridi wa sakafu kwenye paji la uso. Alitamani harufu ya zulia, harufu ya udi na vumbi na nyayo za watu, ndiyo, hata hizo nyayo. Alitamani kubanwa bega kwa bega na mwanamke asiyemjua. Na zaidi alitamani kule chini kwenyewe, ambako tangu usichana wake Mombasa alikuwa akipeleka mambo yake yote: mitihani ya watoto, kodi ya duka, homa, hofu. Tangu apewe kiti, mambo yake yalikuwa hayaendi popote.

"Kwenye kiti sijui kuomba," alimwambia Jabir siku moja. "Najiona kama niko ofisi ya serikali, nimekaa kwenye foleni, nangoja kuitwa."

"Mungu anakusikia hata ukiwa kitini, Mama Naeem," Jabir alijibu.

"Yeye ananisikia. Mimi ndiye sijisikii."

Daktari Janice, binti mmoja wa kliniki ya mtaa wa Karen, alilishika lile goti, akalikunja, akalikunjua, akampa matumaini. "Mama, halijaharibika sana. Punguza kilo tano, fanya mazoezi niliyokuonyesha, na litakubali kushuka na kupanda. Kwa uzito wa sasa utashuka, lakini kuinuka itakuwa kazi." Zena akatoka pale amejaa nia. Ramadhani ilikuwa bado mbali kidogo. Akajiapiza kwamba tarawehe za mwaka huu ataziswali chini, ndani ya safu, na kiti apewe mwingine.

Ndiyo maana kila Ijumaa baada ya swala alisimama kwa Ochola, kijana wa mizani anayekaa kando ya njia mjini na kupima wapita njia. Zena alivua viatu, akapanda, akafumba macho.

"Mathe, uko pale pale," Ochola alimwambia Ijumaa hiyo. "Sabini na nane. Haisongi."

"Hiyo mashini yako imezeeka."

"Mashini iko poa, mathe. Hiyo ni wewe."

Jabir, aliyekuwa ameshika viatu vya mkewe, alitazama pembeni. Zena aliona kama ametabasamu, akakasirika, kisha akajiambia ni jua limempiga machoni.

Ajabu ni kwamba macho ya watu yaliziona zile kilo tatu zilizoondoka zaidi kuliko Zena mwenyewe. Mjini kwetu hapa ukinenepa unaambiwa umependeza, mambo yako yamenyooka. Ukipungua unapewa pole. "Zena, mbona umekwisha hivyo?" wanawake wenzake walimnong'oneza, wakimshika mkono kama walio kwenye matanga. "Kuna nini? Umepima sukari?" Wanaume nao walimvuta Jabir kando wakamuuliza, "Shemeji vipi, yuaumwa?" Jabir alijibu hapana, ni daktari ndiye aliyemshauri, na wao wakaitikia kwa ile namna ya watu wasioamini.

Sasa, jambo la uji. Tangu goti lianze shida, Jabir ndiye aliyekuwa akiingia jikoni asubuhi. Mwanaume aliyeuza vitambaa maisha yake yote, ambaye hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi, alijifunza kupika uji wa wimbi. Na alijua kuupika! Zena aliusifu mpaka kwa majirani. Uji mtupu, usio na sukari, mwepesi kama ulivyoagizwa na daktari, lakini ukiuweka mdomoni unateleza wenyewe.

Jumanne iliyofuata Zena alifika Kangemi akihema, akasimama kwa Nakhumicha, muuza mboga wake wa siku zote, kununua mchicha.

"Mama Naeem, karibu! Na leo nazi hauchukui?"

"Nazi ya nini? Nazi niliziacha kitambo."

Nakhumicha akacheka. "Ati uliacha? Na mzee yako anamaliza yangu zote! Kila wiki anakuja, anachagua ile imekomaa, anatingisha kwa masikio. Mimi nasema huyu mama wa pwani anakula vizuri kweli."

Zena alilipa mchicha akaondoka bila hata kungoja kufungiwa. Hasira ilimpanda kuanzia visigino. Lakini tuseme ukweli, maana hakuna wa kumficha: nusu ya ile hasira ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Ulimi uliolelewa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka ulijua tangu kijiko cha kwanza. Ulijua kabisa, ukanyamaza. Nao ulikuwa na hamu zake.

Alimkuta Jabir sebuleni, redio mkononi, akitafuta idhaa.

"Baba Naeem, ule uji unautia nini?"

Redio ikaendelea kukoroma. Jabir akaizima.

"Tui," akasema.

"Jepesi au zito?"

"Zito. Na samli. Kidogo."

"Samli!" Zena aliketi, mchicha magotini. "Mimi najitesa, natembea mpaka miguu inawaka, napanda mizani ya Ochola kama mbuzi wa kuuzwa, na wewe umesimama pale umenishikia viatu? Wajua ninachokitaka. Sikukuficha. Nataka kuweka uso wangu chini nimwombe Mola wangu, na wewe wanizuia kwa kijiko?"

Alitarajia utani, au kisingizio. Jabir alikuwa akiitazama redio iliyozimwa.

"Nadira alianza hivihivi," akasema.

Nadira alikuwa dada yake Jabir, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea kama mtoto. Alianza kupungua akiwa na furaha, anazunguka chumbani kuonyesha nguo zinavyompwaya, na wote wakampongeza kwamba amerudi kuwa msichana. Jabir ndiye aliyempongeza kwa sauti kubwa kuliko wote. Ilipojulikana ni ugonjwa, hakukuwa na la kufanya tena. Mwishoni Jabir alimbeba mwenyewe kumtoa kitandani, na Zena alikumbuka alivyotoka chumbani siku ile akasema hakuhisi amebeba kitu.

"Najua wewe huumwi," Jabir aliendelea. "Daktari amesema, karatasi nimeziona. Asubuhi najua. Lakini usiku nikikuwekea mkono naona mfupa ambao haukuwepo. Na watu kila siku wananipa pole. Pole ya nini? Nikaona bora unikasirikie ukiwa mzima."

Kwa miaka miwili Zena alidhani hamu iliyomo nyumbani humu ni yake peke yake.

"Tandika mswala," akasema.

"Alasiri bado."

"Siendi kuswali. Nataka uone."

Jabir akatandika. Zena akasimama ukingoni, akampa mikono yote miwili. "Nishushe. Polepole. Uzito wangu ukae kwako, usikae kwenye goti."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema kuinuka ndiko kazi. Nishushe."

Akamshusha. Goti lilipiga kelele, likapiga kelele zaidi, kisha likakubali. Kiganja kimoja kikagusa mswala, cha pili kikafuata. Zena akainama mpaka paji la uso likafika chini.

Alihisi saruji baridi chini ya kitambaa, akahisi pumzi yake mwenyewe ikimrudia usoni, na machozi yakamtoka kwa wingi, yale ya mtu aliyefika kwao baada ya safari ndefu. Kisha akaanza kunong'ona. Alikuwa na mengi ya miaka miwili, lakini lililotangulia kutoka hakuwa hata amelipanga: alimwombea Jabir. Mungu amwondolee hofu. Ambakishie mzee mkaidi huyu, na wasiachane mapema.

Jabir alisimama juu yake akiusikia mnong'ono bila kuyapata maneno, ila jina lake.

"Basi," Zena akasema hatimaye. "Sasa niinue."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Jabir alimpitishia mikono makwapani, akavuta. Hakuna kilichosogea. Akapanua miguu, akavuta tena, akaguna, na wote wawili nusura waende chini pamoja. Zena akaanza kucheka, na kicheko kikamzidishia uzito.

"Ya Rabi, Zena!" Jabir alisema, jasho likimtiririka. "Mzito wewe!"

Alipolisema akanyamaza ghafla, kana kwamba neno lile limemfika masikioni kabla ya kumtoka mdomoni. Akakaza mikono, akavuta mara ya tatu, na safari hii akampandisha, kidogo kidogo, kilo zote zile, mpaka akasimama.

"Mzito," alirudia, kifuani mwa mkewe, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Alhamdulillahi. Mzito."

"Nimeshasimama, Baba Naeem. Waweza kuniachia."

"Najua," akasema, lakini hakumwachia.