Kurasa Usoni mwa Khalayi

"Ngozi kama hii yangu, kutoka hapa Shinyalu mpaka Iguhu, hutaipata," Khalayi alimwambia jirani yake Kemunto siku ya Jumanne, saa nane mchana. Alikuwa amekaa kwenye stuli jikoni akijipaka parachichi lililopondwa na asali ya msituni. Kisha akaongeza, "Iguhu kwenyewe nilienda mara moja tu, kung'olewa jino, na nilikuwa nimefunga macho."

Maharagwe yalikuwa motoni. Kuku walikuwa wamekula. Saa nane hadi saa kumi ilikuwa saa yake, na hakuipata kwa bahati: alilea watoto watano, akapikia shule ya bweni miaka ishirini na sita, akamzika mume, ndipo watu wakasahau kidogo kumtuma. Katika saa hizo alijipaka uso, akasoma riwaya za mitumba kutoka Kakamega mjini, akakoroga sufuria kila baada ya kurasa mbili, na uso ukikauka aliwasha televisheni kutazama tamthilia ya ndugu wawili wanaonyang'anyana hoteli.

Riwaya ya wiki hiyo ilimhusu Zuhura, mshonaji wa Malindi aliyempenda mtu asiyefaa. Khalayi alipomaliza sura ya tatu, Kemunto, ambaye alikuwa amekuja kuazima mwiko, alimtazama vizuri.

"Mama, umeandikwa."

"Wapi?"

"Usoni. Lakini ni kinyume. Ngoja nilete kioo."

Sura ya tatu yote ilikuwa hapo, kwa herufi ndogo nyeusi. Ilianzia kwenye paji la uso, ikashuka shavu la kulia, ikapanda pua, ikateremkia shavu la kushoto na kuishia kidevuni. Kemunto aliisoma yote kwenye kioo, mwiko ukiwa kwapani. Alisema pengine parachichi halikuwa limeiva. Kesho yake Khalayi aliongeza asali na maandishi yakatoka sawasawa. Jua lilipotua yalififia yenyewe.

Ikawa hivyo kila siku. Aliposoma kitabu cha mapishi, pilau ilitoka shingoni, na akina mama wa kanisa waliinakili pamoja na vipimo. Alipotazama taarifa ya habari ya saa kumi, ule mstari wa maandishi unaopita chini ya skrini ulimpita kwenye paji la uso kutoka kulia kwenda kushoto, na stima ilipopotea ulisimama katikati ya neno "mafuriko" mpaka stima iliporudi.

Watu hawakuliona hilo kuwa jambo. Walicholalamikia ni kwamba alisoma polepole.

Sokoni, Chemutai muuza nyanya alimshika kidevu. "Geuka kidogo, mama. Shavu la kushoto sijamaliza."

"Nimekuja kununua nyanya."

"Nyanya haziendi mahali."

Mwendesha bodaboda aliyempeleka mjini alisoma ukurasa mzima kwenye kioo cha pembeni, kinyumenyume, akakaribia kuingia mtaroni, kisha akamlaumu kwa kubeba sentensi ndefu barabarani. Akina mama wa kanisa walimwambia kwamba mambo ya Zuhura ni aibu kwa mwanamke wa miaka sitini na moja, wakamwomba Jumapili asome alfajiri na awahi kuja, ili wayasome kabla ya ibada.

Hakuna aliyemwuliza kama kitabu chenyewe kilikuwa kizuri.

Ilifika mahali akienda kukaa saa nane anawakuta watu watatu mlangoni, wameketi. "Fungua kitabu, mama, sisi tuko na kazi," wanamwambia. Akicheka kwa jambo aliloliona katika mstari, wanamwambia asicheke, herufi zinakunjika. Basi akaanza kujifunika leso mpaka machoni. Walisema ameanza kuringa.

Ndipo Mukhwana akaitisha kikao. Mukhwana alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na tangu siku ya mazishi alikuwa akisema kwa niaba ya boma lile, ingawa hakuna aliyekumbuka kumpa kazi hiyo. Kikao kilipangwa Jumamosi. Saa nane.

Siku hiyo Khalayi aliamka mapema, akachinja ingokho wawili katika kuku wake, akasonga ugali wa obusuma, akafagia uwanja. Saa nne asubuhi, chakula kikiwa tayari, aliona kwamba saa nane yake tayari imeliwa, basi akaisogeza mbele. Alijipaka, akasoma kurasa tisa, akasinzia kitini na kitabu mapajani. Alipoamka, mabenchi ya kanisa yalikuwa yamepangwa sebuleni. Mkwe wake Philemon alikuwa ameyaleta na kwenda zake kimya, kama mtu mwenye adabu. Khalayi akajifunga leso na hakuifungua watu walipofika.

Philemon alikuwa mwalimu na katibu wa kanisa, na adabu yake kwa wakwe ilikuwa ikitolewa mfano hadi Lubao. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hampi mkono. Philemon alizidisha: hata simu ya Khalayi aliipokea akiwa amegeukia ukutani. Kikaoni alikaa karibu na mlango, akawapa watu mgongo.

Walikula kwanza. Mukhwana alipewa firigisi, kwa kuwa ndiye mwanamume wa boma, akaitafuna kabla ya maombi kuisha.

"Shemeji," akaanza, "hakuna mtu hapa anakataa uso wako. Uso ni mzuri. Tunauliza tu, unatusaidia na nini? Chifu anatafuta mahali pa kubandika matangazo. Kanisa liko na orodha ya mazishi. Mimi niko na mahindi ya kuuza. Na wewe unazunguka na Zuhura."

"Nazungukanga na uso wangu," Khalayi alisema ndani ya leso.

"Basi kila asubuhi utasoma matangazo, upite sokoni mara mbili. Hizi riwaya nitazihifadhi kwangu."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

Khalayi alifikiri jinsi ya kulieleza. "Mimi nitasoma nini?"

"Si matangazo?" Mukhwana aliwatazama watu waone anavyoteseka. "Mwalimu, hebu tusaidie."

Philemon alisimama, akauelekea ukuta wenye kalenda. "Wazee wangu, mimi uso wa mama sijawahi kuuona, na Mungu ni shahidi. Nasema kwa yale yanayosikika huko nje. Vitabu vitolewe. Leo mama anasoma, kesho mabinti wetu wanaiga. Msichana anauza cherehani ya mama yake mzazi, anapanda lori la nazi usiku kumfuata mwanamume Lamu! Hayo ni mafunzo?"

Wengi walisema si mafunzo. Mukhwana aliandika kwenye daftari kwamba jambo limepita. Gunia lililetwa, na vitabu kumi na saba vikaingia, pamoja na kile cha mapishi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuchambua.

Kemunto, aliyekuwa benchi la nyuma, bado alikuwa na jambo lake. "Mwalimu, hiyo cherehani imeuzwa lini? Mimi nilisoma jana mpaka mwisho wa kidevu. Zuhura alikuwa bado anashona."

Hata Chemutai alisema ndiyo, alikuwa anashona kanzu.

Khalayi aliteremsha leso. Kemunto alisogea, akafuata mistari kwa kidole: paji, shavu, pua, shavu. Cherehani ilikuwa imeuzwa leo, chini kidogo ya jicho la kushoto. Kurasa tisa zilikuwa nyingi kwa uso mmoja, kwa hiyo zilizobaki zilikuwa zimepinda na kwenda zao pembeni.

"Na leo mama hajatoka," Kemunto alisema. "Wala hakuna mtu ameingia kabla yetu. Isipokuwa mabenchi."

Mukhwana alisema habari ya mkwe ni habari nyingine, haikuwa kwenye ajenda, na kwamba vitabu vinaondoka vilevile. Akamwagiza Khalayi aanze na mazishi ya Jumatatu. Philemon alijitwika gunia begani akiwa bado ameugeukia ukuta, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Mama, nilikisia tu," alisema. "Wasichana wa vitabu wote ni hivyo. Lazima watauza kitu."

"Sawa, baba," Khalayi akasema. "Cherehani ulikisia. Lakini lile lori la nazi, Kemunto ananiambia liko hapa nyuma ya sikio, chini ya nywele. Sasa hilo ulilikisia ukiwa umesimama wapi?"