Saa Moja Bila Kuitikia

Usiku wa jana niliota, na kabla mtu hajaniambia ni shauri ya maharage niliyokula, naomba nisikilizwe mpaka mwisho. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Mimi si mtu wa kuota ovyo.

Nimekaa kwenye ukumbi wa Mwalimu Devota, hapa Morogoro, ambako kila Jumamosi asubuhi tunafanya yoga, wanawake tisa na mzee mmoja mwenye mgongo mbovu. Wenzangu wana mikeka ya mpira. Mimi nina mkeka wangu wa ukindu, na leo mkeka huo unakataa kukunjuka.

"Sema kwanza umekuja kutafuta nini," unaniambia.

"Amani ya moyo."

"Uliipoteza wapi?"

Nikauambia hiyo si kazi ya mkeka. Ukabaki umejikunja. Mwalimu Devota alikuwa ananitazama na wenzangu walikuwa wameshalala chali, kwa hiyo nikasema ukweli kwa sauti ya chini. Tangu tulipomzika mama, miaka miwili na miezi minne sasa, mimi na mdogo wangu Shomari, anayeishi Mbeya, hatusemezani. Tumezaliwa wawili tu. Kifua changu kina kelele kutwa kucha, na daktari ameupima moyo akasema ni mzima kabisa. Nimeamua kelele hiyo iishe. Mimi nikiamua jambo, limeamuliwa.

"Hapo sasa tunaelewana," mkeka ukasema, ukajikunjua.

Mwalimu Devota akapiga kengele yake ndogo. "Fumbeni macho," akasema. "Kila mtu aifuate pumzi yake."

Pumzi yangu ikatoka puani, ikavaa viatu vyangu, ikaondoka.

Sikushangaa. Nilichukia tu kwa sababu ya viatu. Nikaukunja mkeka, nikautia kwapani, nikaifuata peku. Pumzi inapita sokoni, inapita nyuma ya msikiti, inakatiza kwenye shamba la mahindi la mtu, wala haigeuki nyuma. Nilitaka kuiita kwa ile sauti niliyokuwa nikiwaitia watoro, lakini sauti haikutoka. Kwa kuwa sikuwa na pumzi, sikuchoka pia, na hilo lilinisaidia.

Ikaingia shuleni kwangu kwa zamani, darasa la saba B. Madawati yalikuwa yamepangwa mbalimbali kwa ajili ya mtihani. Mbele alikuwa amekaa mtu mnene aliyevaa kaunda suti ya kijivu, anaongea bila kupumzika. Alizungumzia mvua, akazungumzia binti yake aliyeolewa Kilosa, akaingia kwenye ubaya wa dawa za meno za siku hizi. Pumzi yangu ilikuwa imekaa dawati la mbele, inamsikiliza. Nikaivuta ikarudi ndani, nikavaa viatu vyangu.

"Samahani," nikasema, "namtafuta Ukimya. Nasikia ndiye anayegawa amani."

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mbona unaongea?"

"Wewe ulikuwa mwalimu mkuu," akasema. "Insha ulikuwa unaziandika wewe?"

Nikakaa.

Akanieleza utaratibu. Anayetaka amani hukaa kimya saa nzima. Hasemi, haguni, hacheki. Akitoa sauti yoyote, saa inarudi mwanzo. Akimaliza anakabidhiwa amani yake, anatia sahihi, anakwenda nayo nyumbani.

"Wengi wanashindwa wapi?" nikauliza.

"Dakika ya hamsini na tatu."

"Kuna nini hapo?"

"Inategemea na mtu. Haya, anza."

Mwalimu Devota ametufundisha kwamba mawazo yakija tusigombane nayo, tuyaache yapite. Yakaja kwa mlango wa nyuma, yamepanga mstari. La kwanza ni wazo la jiko la gesi, kama nimelizima au sikulizima. Linasimama mbele ya dawati langu. "Naomba kupita," linasema. Nasogeza magoti, linapita. Linafuata wazo la kuku wa jirani wanaochakura mchicha wangu, nalo linataka tukae tuongee. Natazama ukuta. Linanung'unika, linapita. Moja sikulitambua kabisa. Lilikuwa limevaa koti la mvua, likanitazama vizuri usoni, likaomba radhi kwamba limekosea nyumba.

Dakika ya thelathini Ukimya akaagiza nisimame kama mti. Nikasimama kwa mguu mmoja, mikono juu, kama tunavyofanya kila Jumamosi. Mguu ukatoa mizizi, ukatoboa sakafu. Akaingia mwanamke nisiyemjua na beseni la nguo. Akaanika kwenye mkono wangu wa kulia kanga mbili na shuka, na kwenye wa kushoto suruali ya mumewe. Maji ya suruali yakawa yananidondokea shingoni.

"Mti mzuri huu," akamwambia Ukimya. "Wa nyumbani kwetu una maneno."

"Dakika ya hamsini," akasema Ukimya, akiitazama saa ya ukutani. "Huyu atafika."

Nilijisikia fahari, sifichi. Kelele ya kifuani ilikuwa imeshuka mpaka ikawa kama redio ya nyumba ya tatu. Nikajiambia, zimebaki dakika kumi, uishi kama watu wengine.

Dakika ya hamsini na tatu mlango ukagongwa, ikaingia shikamoo.

Shikamoo naijua nikiiona. Nimepokea za watoto mia nane kila asubuhi, kwa miaka. Hii ilikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa fupi, imeinamisha kichwa, mikono imeishikanisha mbele, vumbi la njia ya Mbeya mpaka magotini. Ilikuja moja kwa moja ikasimama mbele yangu.

"Mimi ni ya Shomari," ikasema. "Uliniacha mlangoni siku ya msiba."

Mwanamke wa nguo akaacha kazi yake. "Imesimama tangu siku hiyo? Jamani, si ipewe kiti?"

"Shikamoo haikai mpaka iitikiwe," mkeka ukamjibu kutoka sakafuni. "Wewe umelelewa wapi?"

Ubao wa darasa ukawa mlango wa nyumba ya mama. Viti vya plastiki viko nje, wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe, mimi nimesimama kizingitini na mtandio mweusi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ukoo mzima haulijui. Watu wanadhani nilimkasirikia Shomari kwa kuchelewa kumzika mama. Si kweli. Shomari alinipigia simu akiwa Mikumi. "Dada, nisubirini," alisema, "saa mbili tu nafika, nimuone mama." Wazee wakaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, tuzike alasiri au tumngoje? Nikasema zikeni. Nilikuwa nimeshapanga iwe alasiri, na mimi sipendi ratiba yangu kuguswa. Akafika udongo ungali mbichi. Alikuja mpaka pale kizingitini, macho mekundu, akasema, "Shikamoo, dada." Hakunilaumu wala hakuuliza neno. Nami nikageuza uso. Sikuwa na hasira naye hata chembe. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ina sura ya hasira, hata mimi mwenyewe hunichanganya.

"Zimebaki dakika saba," akasema Ukimya. "Ukiitikia, unaanza upya. Usipoitikia, unaondoka na amani yako."

Nikapiga hesabu. Imesubiri miaka miwili, dakika saba itazishindwaje? Nimalize kwanza, nichukue amani, halafu niitikie kwa nafasi. Wazo hilo likapita katikati yetu, likaiomba shikamoo njia, nayo ikalisikia lote. Ilibadilisha mguu wa kusimamia tu.

Nikakaza meno. Dakika ya hamsini na tano. Maji ya suruali yanadondoka. Dakika ya hamsini na nane. Sikuitazama usoni. Dakika ya sitini Ukimya akapiga makofi, mwanamke wa nguo akapiga kigelegele, nikatia sahihi, nikakabidhiwa amani yangu imefungwa kwa gazeti.

Nikaifungua palepale. Ndani kulikuwa na sebule yangu. Lilikuwapo kochi langu, na meza yenye kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na simu iliyolazwa kifudifudi. Hakuna sauti. Hakuna anayebisha hodi. Jua la saa nne linaingia dirishani na hakuna mtu wa kumwambia leo kuna jua.

"Hii ni ileile niliyonayo nyumbani," nikasema.

"Ndiyo," akasema Ukimya. Kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Nikageuka niitikie. Shikamoo haikuwepo.

Niling'oa mguu, mizizi ikakatika, nikatoka mbio na shuka la watu mkononi. Nikauambia mkeka uruke nami. Ukasema wenyewe haujui kuruka, nisiuletee hadithi. Basi nikakimbia kwa miguu yangu. Nje ya lango la shule hapakuwa mtaa wetu, palikuwa Mikumi, barabara kuu, nyasi huku na huku. Twiga watatu wamekaa kando ya lami, wamekunja miguu, wamefumba macho.

"Samahanini," nikasema. "Mmeona shikamoo ikipita?"

Mmoja akafumbua jicho. "Imepita. Inarudi kwa mwenyewe."

"Ikifika?"

"Ikifika haitoki tena." Akafumba jicho.

Nakimbia. Nina miaka sitini na mbili na magoti yangu ni ya mwalimu, lakini nakimbia. Shuka limebaki kwenye mti wa miiba. Naiona mbele, ndogo, imeinama vilevile, inashuka mteremko. Nafungua mdomo niite, kifua kinapiga kelele yake ileile, neno halitoki. Najaribu tena, nakohoa tu. Shikamoo inafika kwenye kona. Ikikunja kona hiyo, nimempoteza mdogo wangu, na hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Nikasimama katikati ya lami. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yoga yote niliyowahi kufanya, kusimama wakati kitu chako kinaondoka. Nikavuta pumzi taratibu, nikihesabu mpaka nne. Nikaitoa taratibu mpaka sita. Nikarudia. Mara ya tatu nikavuta yote iliyokuwepo pale Mikumi.

"Marahaba!" nikaita. "Marahaba, Shomari! Ni mimi niliyesema wazike! Ulituomba tukungoje, nikakataa, halafu nikakuachia lawama! Nisamehe, mdogo wangu!"

Shikamoo ikasimama. Ikageuka, ikanyoosha mgongo, nikaona kumbe ilikuwa ndefu. Kisha ikakaa chini, palepale kwenye lami, ikanyoosha miguu yake, ikaanza kujifuta vumbi.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mwanga umeshaingia, uso wangu umelowa. Sikwenda kunawa. Sikubandika maji jikoni. Nikaamua kumpigia kabla sijapata sababu ya kutopiga, na maneno nikayapanga kwa mpangilio: kwanza niombe radhi, pili nieleze habari ya Mikumi, tatu nikate simu kabla sijalia. Simu ikaita mara mbili.

Lazima niwaeleze kidogo huyu Shomari ni mtu wa namna gani. Ana miaka hamsini na tano, ana wajukuu, na tangu ajue kusema hajawahi kufungua mdomo mbele yangu bila kuniamkia kwanza. Tulipokuwa wadogo, tukikutana uani mara tatu kwa asubuhi moja, aliniamkia mara tatu, mpaka mama akawa anamcheka. Hata siku ile tuliyomzika mama, aliniamkia. Mtu huyo hawezi kuniuliza habari kabla shikamoo yake sijaiitikia. Hajui namna ya kufanya hivyo.

Akapokea. Nikamsikia akivuta kiti, akikaa.

"Umeamkaje, dada?" akasema.

Nikangoja shikamoo. Haikuja. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kuitikiwa, anasubiri habari zangu. Nikayasahau yote niliyoyapanga, nikakaa sakafuni na simu sikioni, nikaanza kumweleza kuhusu alasiri ile.